Kuratibu kozi ya sayansi ya mwaka wa kwanza: maabara, ratiba na rejista ya alama

Mratibu anayeanza kazi wiki ya kwanza ya muhula amekwisha kuchelewa. Kemikali huagizwa miezi mitatu kabla, ratiba hufungwa wanafunzi wakiwa bado kwao, na alama zinazotafutwa Desemba huwa zimeanza kupotea Septemba, siku mwanafunzi alipoketi katika kundi ambalo jina lake halimo. Maelezo haya yanamlenga mhadhiri aliyekabidhiwa kozi kubwa ya kemia ya mwaka wa kwanza katika chuo cha umma huku kwetu Kenya, awe Njoro, Maseno, Kakamega, Bondo au Kisii. Anayeratibu biolojia au fizikia atabadilisha vifaa, ila hesabu zitabaki zile zile.

Tutatumia mfano mmoja kote: wanafunzi 360, maabara moja yenye nafasi 40, wiki 14 za kufundisha, na kipindi cha maabara cha saa tatu.

Watu wangapi, viti vingapi

Gawa 360 kwa 40, unapata makundi 9. Wiki ina nafasi 10 za maabara: saa mbili hadi saa tano asubuhi na saa nane hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Makundi 9 yanaenea, lakini ratiba ya namna hiyo haidumu. Fundi wa maabara anahitaji muda wa kuosha vyombo na kutayarisha myeyusho, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaitaka maabara hiyo hiyo, na umeme ukikatika siku moja tu, kundi zima linakosa pa kwenda.

Mpango unaostahimili ni wa wiki mbili mbili. Makundi 5 yanaingia maabara wiki ya kwanza, 4 wiki ya pili. Wiki ambayo kundi haliko maabarani, lina semina ya saa mbili ya kukokotoa na kujiandaa kwa jaribio linalofuata. Katika wiki 14 kila kundi linapata vipindi 7 vya maabara na semina 7. Sasa pima saa zako. Kwa kawaida ya vyuo vyetu, chini ya viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, saa tatu za maabara huhesabiwa kuwa saa moja ya mafunzo, na saa mbili za semina vilevile saa moja. Vipindi 7 na semina 7 ni saa 14. Ongeza mihadhara ya saa mbili kila wiki, saa 28, jumla inakuwa 42. Kabla ya kuufuata mpango huu, fungua mtaala ulioidhinishwa uone kozi yako imepewa saa ngapi, na za aina gani. Mtaala ukidai maabara kila wiki, huna mamlaka ya kupunguza peke yako. Peleka pendekezo kikao cha idara au omba maabara ya pili.

Vipindi 7 vigawe hivi: cha kwanza ni usalama, majina ya vyombo na kujifunza kutumia pipeti na bureti (mirija ya kupimia ujazo wa vimiminika), vitano vinavyofuata ni majaribio yenye alama, cha saba ni cha kufidia. Usikijaze hicho cha saba hata ukibembelezwa. Oktoba 10 na Oktoba 20 ni sikukuu za kitaifa, na kundi linaloingia maabara siku hiyo ya wiki litapoteza kipindi. Ukiongeza siku ya maji kukatika au mgomo, akiba hiyo inakwisha haraka. Andika mapema pia ni jaribio gani litaachwa kwanza muhula ukifupishwa, ili uamuzi usifanywe kwa hofu wiki ya kumi.

Kugawa wanafunzi kwa herufi za majina ni kosa ambalo hurudiwa kila mwaka. Wagawe kwa programu wanayosomea. Katika kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza huwa kuna wanafunzi wa shahada ya sayansi, wa ualimu wa sayansi, wa kilimo, wa afya ya jamii. Wale wa ualimu ndio wagumu kuwapangia: mmoja anasoma Kemia na Biolojia, mwenzake Hisabati na Kemia, na wote wana kozi za elimu kutoka kitivo kingine ambacho ratiba yake hukuipanga wewe. Chukua ratiba za vitivo vyote vinavyohusika, chora jedwali la mchanganyiko wa masomo dhidi ya nafasi 10 za maabara, kisha weka alama pale ambapo kila mchanganyiko una mhadhara mwingine. Nafasi zilizobaki tupu ndizo za kundi hilo. Kazi hii huchukua siku moja nzima, na ukiiruka utaifanya tena wiki ya tatu, wanafunzi 60 wakiwa wamesimama mlangoni mwa ofisi yako.

Usiweke mhadhara wala CAT (mtihani mfupi wa ndani ya muhula) Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana, kwa sababu ya swala. Usiweke lolote lenye alama Jumamosi. Sehemu hizi, hasa kwa wanaotoka Kisii na Nyamira, Waadventista ni wengi, na CAT ya Jumamosi itakulazimu kutunga na kusimamia CAT ya pili.

Kemikali na maji

Orodha ya kuagiza huanzia kwa mwanafunzi mmoja. Chukua titresheni, yaani kupima myeyusho mmoja kwa kuudondoshea mwingine, ya sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) kwa asidi haidrokloriki ya 0.1 M. Mwanafunzi anafanya jaribio moja la kukadiria na matatu ya kupima, kila moja kwa sentimita za ujazo 25. Hizo ni 100. Atasuuza pipeti na bureti, atamwaga kidogo, atarudia moja lililomharibikia. Weka 150 kwa kila myeyusho. Kundi la watu 40 linahitaji lita 6. Ongeza akiba, tayarisha lita 7.

Lita 7 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M zinahitaji gramu 28, kwa gramu 4 kila lita. Kwa asidi, ile ya chupani yenye nguvu ya takriban 12 M, pima sentimita za ujazo 58, umimine polepole ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Kwa makundi yote 9 hiyo ni gramu 252 na sentimita za ujazo zipatazo 525. Chupa moja ya gramu 500 na moja ya lita 2.5 zinatosha jaribio hili na kubakisha.

Usikubali lita 63 zitayarishwe kwa mkupuo mmoja ati kuokoa muda. Sodiamu haidroksaidi hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, na nguvu yake hushuka kadiri pipa linavyofunguliwa. Kundi la Jumatatu litapata jibu moja na kundi la Alhamisi ya wiki ya pili lingine, nao wa Alhamisi watakatwa alama kwa kosa ambalo si lao. Tayarisha kwa kila kundi, weka kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza (kizibo cha kioo hunata na alkali), na fundi apime nguvu halisi asubuhi hiyo. Asidi huipima kwa sodiamu kaboneti kavu: gramu 5.300 katika lita moja hutoa 0.0500 M, na sentimita 25 za myeyusho huo hutumia sentimita 25 za asidi ikiwa kweli asidi ni 0.1 M, kiashiria, yaani rangi inayoonyesha mwisho wa titresheni, kikiwa methaili orenji. Kisha asidi hiyo iliyojulikana ndiyo inayopima alkali. Namba iliyopatikana iandikwe kwenye daftari la maabara pamoja na tarehe na namba ya kundi. Usahihishaji wa kundi hilo ufuate namba hiyo, si ile iliyochapishwa kwenye mwongozo.

Hapo unapata faida ya pili. Badilisha nguvu ya asidi kwa makusudi kati ya kundi na kundi, mathalani kutoka 0.085 hadi 0.115 M, na bandika kwenye chupa herufi tu. Majibu ya kundi la kwanza yatasambaa kwenye simu jioni hiyo hiyo, lakini hayatamfaa mtu wa kundi la nne.

Potasiamu pamanganeti ihifadhiwe kwenye chupa ya kahawia, maana mwanga huiharibu. Wanga wa kiashiria upikwe siku ile ile, kwa sababu huota ukungu.

Maji yaliyochujwa kwa mvuke ndiyo yanayowashangaza waratibu wapya. Kila mwanafunzi hutumia takriban nusu lita kwa jaribio, ukijumlisha myeyusho na kusuuza. Watu 360 ni lita 180 kila wiki mbili. Mtambo wa kawaida wa maabara hutoa lita 4 kwa saa, kwa hiyo unahitaji saa 45 za umeme: muda wa saa nne na nusu kila siku ya kazi kwa siku kumi. Mtambo huo hupoozwa na maji ya mfereji, kiasi cha lita moja kwa dakika, na hayo ni lita 2,700 ambazo mara nyingi huishia kwenye mtaro. Elekeza mpira wa maji hayo kwenye tangi; ni safi, yanafaa kuoshea vyombo siku ya mgao. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo. Mpe mtu mmoja kazi ya kulisoma tangazo hilo kila wiki na kuujaza mtungi wa akiba kabla ya siku hiyo.

Muhula unaoangukia masika, Machi hadi Mei, una jambo lake. Kisumu na Kakamega mvua kubwa yenye radi huja alasiri, umeme hupotea, na chini ya paa la mabati hata sauti haisikiki. Majaribio yanayotegemea umeme, kama yale ya kipima-rangi au ya mashine ya kuzungusha, yapange asubuhi. Titresheni inaweza kuendelea dirisha likiwa wazi.

Maombi ya kununua yaingie kwenye mpango wa ununuzi wa idara kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza. Ombi la Agosti kwa jaribio la Septemba hufika Novemba. Kwenye fomu andika kiwango cha usafi, ujazo wa chupa na idadi. Ukiandika "asidi" tu utaletewa ile ya bei nafuu zaidi, nayo haifai kupimia.

Mwongozo wa maabara ulingane na mwinuko wetu

Miongozo mingi imenakiliwa kutoka vitabu vya nchi ambazo maabara ziko karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, mji wa Nakuru karibu 1,850, Njoro karibu 2,200. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 Kisumu, 94 Nakuru, na chini kidogo ya 93 Njoro. Mwanafunzi anayeandika 93 amepima vizuri, na mwelekezi wa maabara anayemkata alama kwa sababu kitabu kinasema 100 ndiye aliyekosea. Kipimajoto pia kikaguliwe kwa kiwango cha mahali pale.

Kwenye gesi tofauti ni kubwa zaidi. Jaribio la magnesiamu na asidi kwa kawaida hutaka gramu 0.05 za utepe. Karibu na bahari, kwa nyuzi 20, hutoa kama sentimita za ujazo 50 za haidrojeni juu ya maji. Njoro, ambako kanieneo la hewa ni kilopaskali 77 hivi badala ya 101, utepe ule ule hutoa karibu 67. Kisumu kwa nyuzi 25 ni kama 60. Bomba la kupimia lenye ujazo wa 50 litafurika kote kuwili, na wanafunzi 40 watabaki na matokeo yasiyokamilika. Punguza utepe hadi gramu 0.035, weka barometa ukutani, na mfundishe kila kundi kuandika kanieneo la siku hiyo na kutoa la mvuke wa maji. Ukikosa barometa, andika kwenye mwongozo thamani ya kanieneo la mahali penu na uitumie kwa wote.

Wenzetu wa mikrobiolojia wana hatari zaidi. Kitabu kikisema pika vyombo ndani ya otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, kwa shinikizo la ratili 15 kwa inchi ya mraba kwa dakika 15, kinakusudia nyuzi 121. Nakuru na Njoro, geji ikisoma 15, ndani ni nyuzi 117 au 118 tu, na baadhi ya mbegu za bakteria hubaki hai. Fuata kipimajoto cha mtambo. Ikiwa una geji pekee, Njoro ipandishe hadi karibu 18 na nusu, mradi mtambo umeidhinishwa kwa shinikizo hilo. Kama haukuidhinishwa, ongeza muda na uthibitishe kwa utepe wa kupima joto.

Watu wa maabarani

Kundi la 40 lahitaji fundi mmoja na waelekezi wawili, kwa kawaida wanafunzi wa uzamili. Waelekezi wafanye jaribio lenyewe kwa mikono yao Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Humo ndimo utajua kwamba bureti tano zinavuja, na kwamba kiashiria kimeisha. Weka bureti 44 kwa watu 40. Asilimia kumi ya ziada ndiyo kiasi cha kuvunjika na kuvuja.

Utashawishika kuwaweka wawili wawili ili kupunguza gharama. Kwa majaribio ya kutazama rangi na mashapo, sawa. Kwa titresheni, hapana. Wengi wa hawa wa ualimu ndio watakaokuja kutayarisha karatasi ya tatu ya Kemia ya KCSE, ile ya vitendo, huko Budalang'i, Kuria au Kuresoi, mara nyingine bila fundi wa kuwasaidia. Aliyeshika kalamu muhula mzima huku mwenzake akishika bureti hataweza kumfundisha mtoto wa kidato cha nne kusoma mstari wa chini wa myeyusho.

Mabaki hayaendi yote kwenye sinki. Asidi na alkali nyepesi zizimuliwe pamoja kwanza. Myeyusho wa risasi, zebaki, kromiamu na vimiminika vya kikaboni viwekewe madumu yenye lebo. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na mitaro ya Kisumu inaelekea ziwani. Kinachomwagwa bila uangalifu kinawafikia watu na samaki.

Wanaochelewa kufika

Karo, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na uhamisho wa programu huwafanya wanafunzi waendelee kufika hadi wiki ya tatu. Acha nafasi 3 wazi kwa kila kundi unapogawa mara ya kwanza, maana yake gawa watu 333 katika nafasi 360 kisha wapokee wanaochelewa. Orodha ya makundi ifungwe Ijumaa ya wiki ya tatu. Baada ya hapo kuhama kundi kunahitaji fomu yenye sahihi yako, na rejista hubadilishwa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi asiyekuwa amesajili kozi kwenye mfumo wa chuo aruhusiwe maabarani kwa wiki hizo tatu tu, jina lake likiandikwa kwenye karatasi tofauti. Ukimwacha aendelee hadi Desemba, atakuwa na alama bila mahali pa kuziingiza.

Kuhusu mihadhara kuna machache ya kusema: muhtasari wa kozi utolewe wiki ya kwanza ukiwa na tarehe za CAT, mada kwa wiki, na mgawanyo wa alama, na wahadhiri wanaogawana kozi wakubaliane nani anamaliza wapi.

Rejista moja

Kila kozi iwe na lahajedwali moja, inayoshikwa na mtu mmoja, yaani mratibu. Waelekezi na wahadhiri wenzako wanakuletea alama, hawaandiki humo. Safu ziwe: nambari ya usajili, jina, programu, kundi, majaribio matano kila moja na safu yake, CAT mbili, na mtihani ukiwa na safu kwa kila swali. Fomati safu ya nambari ya usajili kuwa maandishi kabla hujabandika chochote, kwa sababu programu ya lahajedwali hufuta sifuri za mwanzo, na wakati mwingine hugeuza nambari yenye mikwaju kuwa tarehe. Nafasi moja tupu mwishoni mwa nambari inatosha kuufanya mfumo useme mwanafunzi hayupo. Safisha nafasi hizo kwanza.

Kanuni ya alama tupu iandikwe juu ya ukurasa na kila mtu aijue. 0 maana yake alifanya akapata sifuri. HK ni hakufika. MR ni mgonjwa au mwenye ruhusa, barua iko kwenye faili. Kisanduku kitupu maana yake alama haijaletwa. Rejista nyingi huchanganya haya manne. Mtu akijaza sifuri mahali pa tupu ili jedwali lipendeze, mwanafunzi aliyefanya kazi huonekana ameanguka. Tena fomula ya wastani huruka visanduku vitupu na vyenye herufi: aliyefanya majaribio mawili kati ya matano atapata wastani wa hayo mawili na kumpita aliyefanya yote. Tumia jumla ukigawa kwa tano, isipokuwa kwa wenye MR ambao watafidia kipindi cha saba.

Mgawanyo wa kawaida ni 30 za kazi ya muhula na 70 za mtihani, alama ya kupita ikiwa 40. Vyuo vingine huipa kazi ya vitendo uzito mkubwa zaidi, kwa hiyo soma kanuni zenu. Kwa 30, gawa hivi: maabara 15, CAT mbili 7.5 kila moja. Sahihisha CAT kwa 30 kisha gawa kwa nne. Kusahihisha moja kwa moja kwa 7.5 hukufanya utoe nusu alama kwa kukisia. CAT ya kwanza iwe wiki ya sita, ya pili wiki ya kumi na moja, na ripoti ya jaribio irudishwe kabla kundi halijaingia jaribio linalofuata. Ripoti iliyorudishwa baada ya hapo haimfundishi mtu, na kosa la kusoma bureti linajirudia mara tano.

Wiki ya kumi na tatu, kila mwanafunzi aje atazame alama zake za muhula na kutia sahihi kando ya jina lake. Watu 360 kwa vipindi vyao vya wiki hiyo, maabara au semina, wanachukua wiki moja tu. Katika kazi zote za mratibu, hii ndiyo inayookoa wanafunzi wengi zaidi. Alama iliyokosekana hupatikana ripoti ikiwa bado iko mkobani mwake, badala ya mwaka wa nne, wiki mbili kabla ya mahafali, mwelekezi aliyesahihisha akiwa ameshahama. Orodha hiyo usiipige picha ukaiweka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Alama na nambari za usajili ni data za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.

Mtihani

Karatasi itungwe kufikia wiki ya sita, ikiwa na mwongozo wa kusahihisha na karatasi ya mtihani maalumu pamoja. Wiki ya nane inahakikiwa idarani, kisha inaenda kwa mtahini wa nje kama chuo kinavyotaka. Mhakiki afanye kila hesabu mwenyewe, kwa kikokotoo, bila kutazama majibu. Swali lenye data isiyotoa jibu hugunduliwa hivyo, vinginevyo litagunduliwa ukumbini. Muundo uliozoeleka, swali la kwanza la lazima la alama 30 na mengine mawili ya kuchagua ya alama 20, unafaa mradi maswali ya kuchagua yawe na ugumu unaolingana.

Ukumbini namba tatu lazima zilingane kabla mtu yeyote hajatoka na bahasha: sahihi kwenye orodha, vijitabu vya majibu vilivyohesabiwa, na nambari za usajili zilizonakiliwa kutoka juu ya vijitabu. Ukiwa na vyumba vinne, kila chumba kilinganishe kivyake. Tofauti ya kijitabu kimoja hutatuliwa kwa dakika kumi wasimamizi wakiwa bado wapo. Kesho yake haitatuliki.

Kusahihisha vijitabu 360, gawa kwa maswali, usigawe kwa vijitabu. Mhadhiri mmoja asahihishe swali la kwanza lote, mwingine la pili lote. Ukigawa kwa vijitabu, mkali atakuwa na kundi lake na mpole na lake. Kabla ya kuanza, wote wasahihishe vijitabu vile vile 10 na kulinganisha. Mtu wa mwisho anajumlisha upya na kuangalia kurasa za nyuma, kwa kuwa majibu yaliyoendelezwa kwenye kurasa za mwisho huachwa mara nyingi.

Mhadhiri wa muda alete alama za swali lake pamoja na vijitabu vyenyewe. Mkubaliane tarehe hiyo kwa maandishi siku anapochukua kozi.

Anayerudia kozi aangaliwe peke yake. Mtaala ukibadilishwa, msimbo wa kozi hubadilika, naye amesajili msimbo wa zamani. Alama zake ukiziingiza kwenye msimbo mpya zitapokelewa na mfumo bila kulalamika, na nakala yake ya matokeo itabaki na pengo. Tengeneza ukurasa wa pili wa warudiaji ndani ya lahajedwali lile lile, ukiwa na safu ya msimbo.

Safari za nyanjani

Kwa biolojia na ikolojia, barua ya ruhusa iende wiki nne kabla. Msitu wa Kakamega una wasimamizi wawili: upande wa kaskazini wa Buyangu uko chini ya Shirika la Wanyamapori, upande wa Isecheno chini ya Shirika la Misitu, na barua ya mmoja haikubaliwi na mwingine. Ziwa Nakuru ni la Wanyamapori. Gawa darasa kwa ukubwa wa basi, na usipeleke zaidi ya basi moja kwa siku.

Faili la kukabidhi

Matokeo yakishapita kwenye bodi ya idara, ya kitivo na seneti, funga faili ukiwa bado unakumbuka. Liwe na rejista ya mwisho na nakala iliyotiwa sahihi, daftari la nguvu za myeyusho, karatasi za mtihani na miongozo yake, barua za MR, orodha ya waliobaki na mtihani maalumu, na jedwali la vyombo vilivyovunjika. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa idara, nyingine kwako. Hesabu gramu na lita zilizobaki kwenye rafu pamoja na fundi, linganisha na ulizoagiza, na ujaze fomu ya ununuzi ya muhula unaofuata siku hiyo hiyo mkiwa bado mmesimama mbele ya rafu.